Kumchukua mbwa mwingine baada ya kufiwa na yule uliyempenda

Mbwa anayekufa akiwa na miaka 12 huacha kumbukumbu ya mbwa wa miaka 12: anajua saa ya chakula, hagusi viatu, mvua ikianza anaingia ndani mwenyewe. Mwaka wake wa kwanza, ule wa mguu wa meza uliotafunwa na zulia lililonuka mkojo, umeshasahaulika. Kisha anakuja mgeni wa wiki mbili, anapimwa kwa kipimo cha mwenyeji wa miaka 12, na bila shaka anafeli. Ulinganisho huo ndio wa kuuwekea ulinzi tangu mwanzo, kabla hata hujaenda kumtazama mbwa yeyote.

Una nafasi kweli?

Hakuna idadi ya miezi iliyowekwa. Aliyemuuguza mbwa wake mwaka mzima huenda alishalia kabla ya kifo, akawa tayari baada ya wiki tatu. Aliyempoteza kwa ajali ya dakika moja anaweza kuhitaji mwaka. Jipime hivi: taja makosa matatu ya mbwa aliyekufa. Usitaje makosa ya kujifanya, kama vile alinipenda kupita kiasi. Taja ya kweli: aliiba nyama, alibweka usiku kucha, aliogopa radi mpaka akang'oa kitasa. Ukishindwa kufikisha matatu, unayemkumbuka si mbwa tena bali malaika, na hakuna mbwa wa duniani atakayemfikia.

Waulize pia watu wa nyumbani, mmoja mmoja. Mkiulizana mezani, mkubwa akisema ndiyo wengine hufuata tu. Mtoto anayesema hataki mwingine asishtukizwe na kijibwa sebuleni siku ya kuzaliwa. Akimkataa, atakayeumia ni mbwa.

Kama kuna mbwa aliyebaki, naye ana msiba wake. Anaweza kumtafuta mwenzake vyumbani, kula kidogo, kukuganda, au kuhamia pale mwenzake alipokuwa akilala. Subiri hamu ya chakula irudi na usingizi utulie ndipo umletee mgeni. Asipokula kabisa kwa siku mbili, usiseme ni huzuni: mpeleke kwa daktari wa mifugo, maana huenda ana ugonjwa uleule uliomuua mwenzake.

Asiye na uhakika ana njia ya kati, yaani kumlea kwa muda mbwa wa kituo cha wanyama. Wekeni tarehe ya mwisho kwa maandishi, wiki mbili hadi nne. Lakini kama unajijua kwamba tarehe ikifika hutaweza kumrudisha, utakuwa umechukua mbwa bila kumchagua.

Alikufa kwa nini?

Swali hili hurukwa kwa sababu linauma, na ndilo linaloamua mbwa mpya aje lini na awe wa umri gani. Aliyekufa kwa uzee, moyo au uvimbe wa saratani ameacha nyumba salama. Sababu nyingine zina kazi ya kufanywa kwanza.

*Parvo.* Huu ni ugonjwa wa matumbo, wa kutapika na kuharisha, na virusi vyake ni sugu kuliko karibu vyote vinavyompata mbwa. Ndani ya nyumba huweza kudumu mwezi na zaidi. Kwenye udongo wenye kivuli na unyevu, mwaka mzima. Usilete mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo mahali alipofia mbwa wa parvo. Lete mbwa mzima mwenye kadi kamili, au subiri.

Usafi wake una utaratibu, na wengi huanzia katikati. Hatua ya kwanza ni sabuni na maji, kusugua kinyesi, matapishi na mkojo mpaka viishe, kwa kuwa klorini hupoteza nguvu ikikutana na uchafu. Mkojo ukichanganyika na klorini pia hutoa hewa inayowasha macho na kifua, kwa hiyo suuza vizuri kabla hujaendelea. Baada ya hapo changanya blichi ya kufulia ya takriban asilimia 5, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, yaani kama mililita 33 kwa kila lita. Lowesha sakafu, iache ibaki majimaji kwa dakika 10, kisha suuza. Sakafu ikikauka dakika ya tatu, umefanya kazi bure, rudia. Mchanganyiko wa jana mwage, na usichanganye blichi na siki wala dawa ya choo: hewa yake ni sumu. Vitakasa mikono vya spiriti haviui parvo. Udongo wa uani nao hausafishiki kwa blichi. Zoa kinyesi chote, fyeka majani, kata matawi ili jua lipige, halafu acha muda ufanye kazi.

*Distempa.* Ugonjwa huu wa virusi, unaoshika mapafu na ubongo, ni muuaji mkubwa, lakini virusi vyake ni dhaifu nje ya mwili. Sabuni, jua na ukavu huvimaliza upesi. Tatizo ni mbwa aliyebaki: hata akipona anaweza kuendelea kutoa virusi kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Muulize daktari kabla ya kuleta mwingine.

*Homa za kupe.* Watu hufyeka nyasi wakaridhika, kumbe kupe wa kahawia wa mbwa anapenda nyumba. Hupanda ukutani, akataga kwenye nyufa za kibanda, chini ya paa na nyuma ya mbao, na anaweza kukaa miezi mingi bila kula akingoja mbwa apite. Ng'oa mbao, piga dawa ndani ya nyufa, ziba kwa saruji, kisha rudia baada ya wiki chache kwa sababu mayai hayafi kirahisi. Mbwa mpya aanze dawa ya kupe kabla ya kuingia.

*Viroboto* hawaui mara nyingi, ila wana mtego wao. Kiroboto aliyemo ndani ya kifuko chake anaweza kungoja miezi, akatoka pale tu anapohisi joto na mtikisiko. Ndiyo maana nyumba iliyokaa bila mbwa huonekana safi, na siku ya pili ya mgeni kila mtu anajikuna. Fagia au nyonya vumbi kila siku kwa wiki mbili kabla hajaja, hasa pembeni na chini ya makochi, na ufue vitambaa vyote kwa maji ya nyuzi 60.

*Gari.* Piga magoti uzunguke uzio kwa kimo cha mbwa. Nafasi chini ya geti ambayo mtu aliyesimama haioni, mbwa anaiona siku ya kwanza. Na pale kinapopita kichwa cha mtoto wa mbwa, mwili wote utapita.

*Sumu.* Mpaka chanzo kijulikane, usilete mbwa. Tafuta sumu ya panya, dawa ya konokono, na mizoga ya panya waliokula sumu, maana mbwa akila panya huyo anaweza kudhurika.

*Kichaa cha mbwa.* Kila aliyeumwa, kukwaruzwa au kuingiwa na mate kwenye kidonda, jichoni au mdomoni aende hospitali siku hiyohiyo, baada ya kuosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Wanyama waliobaki waonwe na daktari. Suala la mbwa mpya lisubiri mpaka daktari aseme.

Andika nyumba ilivyo leo

Ulipomleta yule wa kwanza huenda ulikuwa na magoti mazima na hukuwa na mtoto wala kazi ya mbali. Chukua karatasi uandike siku yako ya kawaida, saa kwa saa, na nyumba inabaki tupu kwa muda gani. Mtoto wa mbwa hubana mkojo mchana kwa saa zinazokaribia umri wake kwa miezi, ukiongeza moja: wa miezi miwili, saa tatu, wa minne, saa tano, tena akiwa hodari. Nyumba inayofungwa kwa muda wa saa nane kila siku si ya mtoto wa mbwa. Andika pia uzito unaoweza kuubeba peke yako. Mbwa wa kilo 35 akivunjika mguu, ni nani atakayempandisha garini?

Kwa wengi waliofiwa, chaguo zuri ni mbwa wa miaka mitatu hadi sita. Tabia yake imeshajitokeza, unaona unachochukua. Mtoto wa mbwa ni bahati nasibu yenye usingizi mfupi, na aliyechoka kwa uuguzi na maziko huwa hana akiba ya usiku kama huo. Mbwa mzee ni mwenzi mtulivu mno, lakini chukua tu kama unakubali kuzika tena baada ya muda mfupi.

Jamii ileile ya mbwa si kosa, kama maisha yako bado yanaifaa. Ila kama rangi, sikio na doa la kifuani vyote ni vilevile, simama. Kila asubuhi jicho litakudanganya kwa sekunde moja, na kila mara mbwa huyu atakuwa ndiye aliyekukatisha tamaa. Jina lile pia usimpe. Ukiteleza ukamwita kwa jina la mwenzake, haidhuru, yeye hajali.

Kwenda kumwona

Siku ya kwanza nenda bila kamba wala kizimba. Usipokuwa na cha kumbebea, hutambeba. Fuatana na mtu asiyekuwa na mapenzi na mbwa wako wa zamani. Yeye ndiye atakayesema "huyu anachechemea" wakati wewe unatafuta macho yaleyale. Rudi angalau mara mbili zaidi, kwa saa tofauti.

Kabla ya kumshika, uliza: kwa nini yupo hapa? Alikuwa akilala wapi? Anaogopa nini? Amewahi kukaa na watoto, paka, kuku? Amewahi kuuma, na ilikuwaje, ngozi ilichanika? Jibu la "alimuuma mtoto aliyemkanyaga akiwa usingizini" na lile la "aliuma mgeni aliyeketi tu" ni mbwa wawili tofauti. Mwenyeji anayejibu kila swali kwa "hana shida yoyote" hajamtazama mbwa wake, au anaficha.

Kadi ya chanjo isome mwenyewe. Mtoto wa mbwa huanza chanjo akiwa na wiki 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 2 hadi 4 mpaka afikishe wiki 16. Sindano moja ya wiki ya 8 haijamkinga: kinga aliyonyonya kwa mama yake bado inaweza kuizuia chanjo isishike, na hakuna ajuaye itaisha siku gani, ndiyo maana ya kurudia. Kadi yenye tarehe tupu bila stika za chupa wala sahihi ya daktari ihesabu kama haipo. Na mtoto aliye chini ya wiki 8 mwache kwa mama yake. Hapo bado anajifunza kutoka kwa ndugu zake kung'ata bila kuumiza.

Sasa mwili wake. Nyanyua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka uwe mweupe, achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi uliopauka huenda ni upungufu wa damu, mara nyingi kazi ya minyoo au kupe. Nusa masikio: harufu ya chachu ni maambukizi, na kingo za sikio zenye magamba yanayowasha huenda ni upele, ambao huwasha watu pia. Papasa mbavu, zisikike chini ya vidole bila kuchomoza. Mtoto mwembamba mwenye tumbo la ngoma huenda ana minyoo, jambo la kutibika. Kikohozi pamoja na tongo na makamasi mazito ni jambo jingine: inaweza kuwa distempa, usimguse kisha ukaenda kumpapasa wa nyumbani. Kwa mbwa aliyetoka mtaani, matone ya damu sehemu za siri yasichukuliwe kuwa ni joto tu. Upo uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Mara nyingi hupona kwa sindano za wiki kadhaa, lakini ujue kabla hujamchukua.

Tabia huonekana ukikaa kimya. Keti chini kwa ubavu, usimwite, usimkodolee macho, mpe dakika kumi. Anayeruka langoni akibweka huenda akitoka nje anakuwa mpole, na aliyejikunja pembeni huenda ndiye atakayekuja taratibu kunusa kiatu chako. Usimhukumu yeyote akiwa ndani ya banda. Omba mtembee naye nje kwa dakika 20 au zaidi. Katikati ya matembezi mwenzako aangushe funguo mita chache kutoka mlipo. Kushtuka si tatizo. Hesabu sekunde mpaka arudi kunusa zile funguo: anayerudi upesi atazoea sufuria, pikipiki na wageni. Anayebaki akitetemeka robo saa anahitaji nyumba tulivu na mtu mwenye miezi ya subira.

Mkia unaotikisika usikudanganye. Mkia wa juu, mgumu, unaotetema huku mwili umekakamaa ni onyo. Kulamba midomo bila chakula, kupiga miayo bila usingizi, weupe wa jicho kuonekana pembeni: amebanwa, sogea nyuma. Akinguruma, usimkemee, maana amekuambia kabla ya kuuma, na mbwa aliyefundishwa kutonguruma huuma bila taarifa. Yale majaribio ya kutia mkono kwenye bakuli lake anapokula yaache. Hayapimi kitu ila uvumilivu wake kwa mtu mkorofi.

Mtego wa mwisho ni huruma. Aliyetoka kufiwa huvutwa na mgonjwa kuliko wote, akitaka kuokoa huyu kwa kuwa yule hakuokoleka. Ukitaka kumtibu, sawa, lakini jua kuwa unarudi kwenye dawa, dripu na usiku wa kukesha uliotoka juzi.

Vitu vya yule wa kwanza

Bakuli la chuma lioshwe, litumike. La plastiki lililokwaruzika tupa, mikwaruzo haisafishiki. Kamba ikaguliwe kwenye mishono na kwenye klipu kabla ya kuaminiwa. Tandiko na midoli viondoke, hasa kama kuna mbwa mwingine atakayevigombea. Ukosi tundika ukutani, usimvishe. Na kitanda cha mgeni kiwekwe pembe nyingine ya nyumba.

Siku ya kumleta

Mbwa wengi hupotea siku za mwanzo, kati ya mlango wa gari na mlango wa nyumba. Mvishe ukosi wenye namba yako ya simu kabla ya kuondoka huko. Mfunge kwa nukta mbili, kamba moja kwenye ukosi na nyingine kwenye mkanda wa kifuani. Vidole viwili vipite kati ya ukosi na shingo. Vikipita vinne, akirudi kinyumenyume ameshatoka. Mkifika, mpeleke moja kwa moja pale atakapojisaidia, mngojee, ndipo aingie. Chumba kimoja kinatosha kwa siku ya kwanza. Hakuna wageni, hakuna kuoga.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa, jembe hilo limewahi mno. Kipimo kinachotumika sana ni siku tatu za kuduwaa, wiki tatu za kujifunza ratiba, na miezi mitatu ya kujiona wa nyumbani. Katikati ya wiki ya pili au ya tatu, yule mpole uliyemleta anaweza kuanza kubweka, kuchimba na kujaribu mipaka. Ameanza kupumua tu. Hapa ndipo ulinganisho na yule wa miaka 12 hushika kasi, kwa hiyo toa tena ile orodha ya makosa matatu.

Chakula kibaki kile alichokuwa akila, kisha badilisha kwa siku 7 hadi 10: robo ya kipya, nusu, robo tatu, chote. Mbwa mzima akisusa siku ya kwanza mwache. Mtoto akipitisha saa 12 bila kula, piga simu kwa daktari. Kinyesi laini siku moja au mbili ni kawaida ya safari. Damu au kutapika mfululizo si kawaida, nenda siku hiyohiyo. Hata akiwa mzima, aonwe na daktari ndani ya wiki ya kwanza, na sampuli ya kinyesi ibebwe.

Aliyebaki nyumbani asikutanishwe na mgeni mlangoni. Watu wawili, kamba mbili zilizolegea, barabara isiyo ya yeyote kati yao. Tembeeni upande mmoja mkiachana mita kumi, mpunguze kidogokidogo kadiri miili inavyolegea. Wakinusana, hesabu tatu, kisha endeleeni kutembea, kwa kuwa kamba iliyokazwa na kusimama uso kwa uso ndivyo vinavyozaa ugomvi. Nyumbani wale vyumba tofauti, na mifupa na midoli isionekane kwa wiki chache. Ukitoka, watenganishe.

Kuachwa peke yake kufundishwe tangu siku ya pili, hata kama una likizo. Toka dakika moja, rudi bila shangwe. Kisha tano, kisha kumi na tano. Waliofiwa hukosea hapa zaidi kuliko wengine: wiki mbili hawabanduki naye, ya tatu wanarudi kazini, mlango unatafunwa.

Miezi mitatu ikipita na bado mambo hayaendi, tofautisha. Kama bado unamwonea uchungu yule wa kwanza, vumilia, huyu hana la kurekebishwa. Kama ameuma mpaka ngozi kuchanika, au mbwa wawili wanapigana mpaka damu, muone daktari kwanza, maana maumivu ya jino, sikio au nyonga hugeuza tabia, kisha mkufunzi asiyetumia kipigo. Ikibidi kumrudisha, mrudishe kwa uliyemchukua kwake, usimgawe kwa mtu wa njiani. Mpelekee na karatasi: anakula nini na saa ngapi, chanjo za tarehe gani, anaogopa nini, amejifunza maneno gani, na aliuma katika hali ipi. Ya kuuma usiifiche.